Mama Ananimezea

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike aliye darasa la pili, na kazi yangu ni kukata vioo dukani, vya madirisha na vya fremu za picha, na safu yako huwa naisoma nikiwa nafungia vioo vya wateja kwa magazeti ya zamani, nacheka kidogo shida za watu kisha naendelea na kazi, na sikudhani hata siku moja kwamba ya kwangu nayo itakuja kufungia kioo cha mtu, lakini nimefika mahali sina wa kumwambia, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata nikizunguka.

Huyu binti yangu majirani wamempa jina la Baruti, nasi tumelizoea mpaka siku daktari aliponiuliza mtoto anaitwa nani nikajibu Baruti, akaandika, ikabidi afute. Tangu ajue kutembea hajui kukaa. Anapanda kabati, anafungua skrubu za viti kwa kijiko, akikataliwa kitu anapiga mayowe mpaka jirani wa ghorofa ya juu anapunguza redio, wala si kwa huruma, anataka kusikia vizuri, na shuleni amewahi kuuma wenzake, na amewahi kumfungia mwalimu wa zamu kwenye stoo ya madawati kisha akaenda zake kunywa chai. Watu wanacheka ukiwasimulia, na mimi nikisimulia huwa nacheka, lakini ndani ya nyumba hapakuwa na kicheko, kwa sababu mimi mwenyewe niliacha kuwa mtu, nilikuwa nampigia kelele tangu anapofumbua macho, nikimaliza kelele nalia, nikimaliza kulia namkumbatia, akiniponyoka naanza upya, usingizi ukanikimbia, na kazini mkono ukaanza kutetemeka. Kukata kioo, mshauri, unapitisha kile kigurudumu cha kukatia mara moja tu, kwa mkono usiosita, ukisita kioo kinajua, kinapasukia kinakotaka chenyewe. Nikaanza kuharibu vioo. Bosi akaniambia, "Dada, nenda hospitali au nenda nyumbani, uchague."

Nikaenda hospitali, ila nilimpeleka mtoto. Nilitaka apewe dawa ya kumtuliza. Daktari alimtazama Baruti akiwa amesimama juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa, akanitazama mimi, halafu akaanza kuniuliza mimi, unalala vipi, unakula vipi, moyo unakwenda mbio saa ngapi, mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, na hapo kwenye kucheka nikalia mbele ya mwanangu. Basi nilipeleka mtoto apewe dawa, nikapewa mimi. Vidonge vya msongo wa mawazo, kimoja kila asubuhi, na akaniandikia karatasi ya kumpeleka Baruti kwa mtaalamu wa watoto, karatasi hiyo ipo juu ya kabati, sijaenda, maana mambo yalibadilika kabla sijapata nafasi.

Siku ile ile tunarudi, tukamkuta mama mkwe wangu mlangoni amekuja kutusalimia. Ni mtu mwema sana na ana ulimi sana. Akaona mfuko wa dawa akauliza, "Hizo dawa za nani?" Nami nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akimsema mwanamke mmoja wa mtaani kwao anayetumia dawa za namna hii, kwamba huyo kichwa kimeshahama, asiachiwe watoto. Ulimi wangu ukajibu wenyewe. "Za mtoto, mama." Akasema, "Afadhali." Mume wangu anajua ukweli, lakini aliniambia tuache hivyo hivyo, yeye anamjua mama yake.

Dawa zikaanza kunishika taratibu. Nikalala. Nikaacha kupiga kelele, si kwamba nilijizuia, kelele yenyewe haikuja. Mkono ukatulia, nikakata vioo kama zamani, na wakati mwingine nikawa najiuliza, huyu mama mpole ni mimi au ni kidonge. Na jambo la kunishangaza zaidi, Baruti naye akaanza kutulia. Hakuwa malaika, viti bado vinapoteza skrubu, lakini mayowe yalipungua, kuuma kukaisha, mama mkwe akampigia simu kila ndugu kuwaambia dawa za mtoto zimefanya kazi, nami nikasema ndiyo.

Kila asubuhi nikimeza, Baruti husimama pembeni ya sinki akaniangalia, na nikimeza na yeye anameza mate, anashika tumbo, ndipo anavaa begi la shule. Nilidhani ananiiga tu.

Hadi mwalimu wake aliponiita. Nilikwenda na moyo mkononi, nikijua kuna sikio la mtu limeng'atwa. Mwalimu akaniambia mtoto mmoja alimnyang'anya Baruti rula, darasa zima likasogea pembeni kwa sababu wanamjua, lakini yeye akakaa, akaweka mikono tumboni, akafumba macho, akapumua. Mwalimu akamuuliza, "Umefanya nini hapo?"

"Nangoja dawa ishuke."

"Dawa gani?"

"Yangu. Mama ananimezea."

Mwalimu alikuwa anacheka akinisimulia, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nyumbani nikamkalisha nikamuuliza ni nani kamwambia nammezea. Akanitazama kama anayemwonea huruma mtu mzima. "Wewe. Ulimwambia bibi ni dawa za mtoto. Mtoto ni mimi."

"Sasa kama ni zako, mbona nameza mimi?"

"Kwa sababu ni chungu na koo langu dogo. Nilipokuwa tumboni si ulikuwa unakula wewe, mimi nashiba? Uliniambia mwenyewe."

Mshauri, nilimwambia kweli, tulipokuwa tunaangalia picha zangu za ujauzito. Muda wote ule mtoto huyu, ambaye hakuna aliyeweza kumtuliza, amejituliza mwenyewe kwa dawa iliyo katika tumbo la mtu mwingine.

Sasa shida. Shule zinafungwa na mama mkwe anataka kumchukua likizo yote, na ameniambia, "Umpakie na dawa zake, nitampa mwenyewe, usijali." Nikaona njia ni moja, kuacha kabisa hizo dawa, halafu nimwambie daktari kasema mtoto amepona, uongo uishe wenyewe. Nikaacha. Asubuhi naweka kidonge mdomoni kwa sababu Baruti anaangalia, kisha nakitema kwenye kitambaa. Baada ya siku chache kizunguzungu, usingizi ukatoka, mkono ukarudia tetemeko lake, nikapasua kioo kikubwa cha mlango wa mteja, nikarudi nyumbani nikamkuta Baruti kamwaga maji, maji tu, nikapiga ukelele ambao hata mimi ulinitisha.

Hakulia. Alishika tumbo lake, akapumua, akanisogelea, akaniambia taratibu, "Mama, leo dawa imekuja yote kwangu. Kesho ubakize na yako."

Tangu hapo sijui niseme nini. Nikimwambia mama mkwe ukweli, ataniona sifai kulea. Nikimwambia mtoto kwamba dawa hazikuwa zake, si nitakuwa nimemnyang'anya kile kilichomshika? Na nikinyamaza, nimpakie nini kwenye begi? Nisaidie, kwa maana namwogopa mwanangu siku hizi, na si kwa ubaya kama zamani, namwogopa kama mtu anavyoogopa kitu kikubwa kuliko yeye.

Ni mimi, Mama Baruti.

*

Marahaba, mwanangu.

Nitakugombeza, lakini si sasa hivi. Sasa hivi weka gazeti chini, nenda kachukue hizo dawa uzifungie mahali penye ufunguo, na ufunguo ukae nawe. Mtoto anayepanda kabati, anayeamini vidonge hivyo ni vyake, na anayekuonea huruma kwa uchungu wa dawa, kitu gani kitamzuia siku moja asijimezee mwenyewe ili akupunguzie kazi? Ulifikiria hilo? Mimi hilo ndilo lililonitoa jasho nilipokuwa nakusoma, na ndilo lililonifanya niitangulize barua yako mbele ya wengine waliongoja zaidi yako.

Umerudi? Haya.

La pili, kesho nenda kwa daktari wako, na kama kizunguzungu kimezidi au unawaza mambo ya kukutisha, usingoje kesho. Mwambie kwa maneno haya haya, niliacha dawa mwenyewe, ghafla, na haya ndiyo yaliyonipata. Usione haya, amekwisha kuyasikia kwa wengi. Usianze tena kwa kipimo cha kubuni, wala usimeze viwili kufidia ulivyotema. Dawa za aina hii huanzwa kwa mpango na huachwa kwa mpango, na mpango huo anao yeye. Sina mimi, na mama mkwe wako hana. Kutema dawa kwenye kitambaa ili uongo uishe, mwanangu, ni sawa na kuvunja dirisha lote kwa sababu pazia halikupendezi. Hapo nimekugombeza, na sijamaliza.

Umeuliza kama yule mama mpole ni wewe au ni kidonge. Wewe ni mtu wa vioo, utanielewa haraka. Mtu akivaa miwani akasoma, aliyesoma ni nani? Miwani haijui hata herufi moja. Kidonge hakimjui Baruti, hakijawahi kumkumbatia, hakikumsimulia habari za tumboni huku mkiangalia picha. Kilikufutia ukungu tu. Upole ulikuwamo.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye neno, kwa sababu mimi maneno ndiyo niliyoyafundisha maisha yangu yote, na shida yako imezaliwa na neno dogo kuliko yote tuliyo nayo. Ulisema dawa "za" mtoto. Hiyo "za" ni mfuko usio na chini, unabeba chochote. Dawa ya kikohozi inakifukuza kikohozi. Dawa ya mende inamuua mende. Dawa ya macho inayaponya macho. Dawa za mtoto, basi, ni zipi? Za kumnywesha mtoto? Za kumfukuza mtoto? Au za mama, zilizohitajika kwa sababu ya mtoto, na zenye faida kwa mtoto? Mama mkwe alisikia moja, wewe ulikusudia jingine, na mtu wa tatu, aliyekuwa amesimama hapo mlangoni kando yako, akasikia la kwake.

Naye alilipata neno ambalo mimi na vitabu vyangu tusingelipata. Ananimezea. Nimelirudia mara nyingi tangu barua ifike, nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa nimekaa barazani. Tuna lugha ambayo ukiongeza silabi moja tu kwenye kumeza, tayari kuna mtu wa pili ndani ya koo lako. Mtoto wa darasa la pili ameishi ndani ya silabi hiyo muda wote huu, ikamtosha. Nimejibu barua za watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sikumbuki sentensi nyingine niliyoirudia kuisoma kama ile ya mwisho ya Baruti, ya kubakiza na yako.

Lakini kumezea kuna maana nyingine, nawe unaijua. Mtu akitukanwa akanyamaza, tunasema amemezea. Wewe umekuwa ukimeza vitu viwili kila asubuhi, kidonge na maneno. Kidonge kina daktari wa kukupimia. Maneno hayana, ndiyo maana yanakupalia.

Kwa hiyo mama mkwe ataambiwa, na ataambiwa kabla begi halijafungwa. Isiwe kwa simu. Mwite aje kwenu, au nendeni kwake, na mumeo akae upande wako, naye nina neno lake. Baba Baruti, ulisema mama yako unamjua. Vizuri, basi wewe ndiye utakayeanza kuzungumza. Haiwezekani mkeo abebe dawa, mtoto, vioo, na ulimi wa mama yako, wewe ukabaki na kazi ya kumjua tu.

Mumeo akishaanza, wewe sema, "Zile dawa ni zangu. Nilisema za mtoto kwa sababu niliogopa utaniona sifai." Kisha nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa maelezo, mwachie ni wake. Huenda akatoa maneno makali ya kwanza, wenye ulimi hawawezi kujizuia, wewe ngoja ya pili. Na akikuambia mwenye kumeza dawa hizo hafai kulea, mkumbushe bila hasira kwamba yeye mwenyewe alipiga simu kwa kila ndugu kusifu kutulia kwa mtoto wa huyo huyo mwenye kumeza. Mtoto aliyemfurahia ni kazi ya mama anayetibiwa. Mama asiyetibiwa alikuwa yule wa kabla.

Je, kama hataelewa? Basi likizo hii mtoto atalala kwenu, na bibi atakaribishwa kuja kumwona. Ila aelewe asielewe, kwenye begi la Baruti hakiingii kidonge hata kimoja, hata peremende ya kusingizia dawa. Tumeshaona "za" moja ilivyotufikisha.

Sasa yeye mwenyewe. Unaogopa kumwambia ukweli usije ukamnyang'anya kilichomshika. Hebu soma tena barua yako. Zile siku ulizokuwa unatema, hakuna dawa iliyoshuka popote, si kwako wala kwake. Nyumba nzima haikuwa na chembe. Na mtoto mmoja alimwaga maji, akapigiwa ukelele wa kutisha, akashika tumbo, akapumua, akatulia, halafu akamwendea mtu mzima kumpa pole. Alitulizwa na nini siku hiyo?

Mimi jibu lote sinalo. Najua kwamba mama akitulia mtoto huwa anapata pa kuegemea, hilo wataalamu wamelieleza vizuri na wewe umeliona kwa macho. Najua pia kuwa mtoto akipewa jambo dogo la kufanya na mwili wake wakati wa hasira, kupumua, kushika tumbo, kungoja kidogo, linaweza kumsaidia, na yeye alijifundisha bila mwalimu. Lakini kwamba aliamini kwa nguvu kiasi kile kuwa kuna mtu anayemeza uchungu kwa niaba yake, na imani hiyo ikamfundisha kungoja, hapo maelezo yangu yanaishia. Navua kofia tu.

Basi humnyang'anyi kitu. Unamrudishia chake. Mwambie, "Dawa ni za mama, daktari alinipa mimi kwa sababu nilikuwa nimechoka sana kichwani. Wewe hukumeza chochote. Kule kungoja mpaka ishuke, ulikufanya mwenyewe." Atabisha, kwa ninavyomwona atabisha sana, na pengine siku mbili tatu kiti kitapoteza skrubu zaidi ya kawaida. Mvumilie. Mwambie pia kwamba dawa hizo asiziguse mtu yeyote isipokuwa mama, na kwamba kuchoka kwa mama hakukuwa kosa lake. Hili la mwisho usilisahau, maana mtoto anayejua kuhesabu uchungu wa mamaye anaweza kujihesabia na lawama.

Na ile karatasi iliyo juu ya kabati, ishushe. Mpeleke kwa yule mtaalamu. Kutulia kwake ni habari njema ya kumpelekea, haikuwa sababu ya kutokwenda. Mtoto mwenye kichwa cha namna hii anahitaji mtu anayevijua vichwa vya watoto amtazame, ili msikose kuona akihitaji msaada, na msimpe asichohitaji. Ukifika, tafadhali taja jina lake halisi.

Umesema unamwogopa kama kitu kikubwa kuliko wewe. Sitakuondolea woga huo, huo ni wa heshima, kaa nao. Ila ukumbuke kitu hicho kikubwa bado kina koo dogo, na kinahitaji mama yake alale usiku.

Daktari akishakupa mpango, asubuhi usijifiche. Mruhusu asimame pembeni ya sinki kama kawaida. Mimina glasi mbili, yako ya kumezea kidonge, yake ya maji matupu, mnywe pamoja, kila mtu na lake. Na akikuuliza kama leo umebakiza na yako, mjibu kweli.